Mhudumu wa Mama Katika Orodha ya Mishahara ya Duka: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Mbeya

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika Jiji la Mbeya kati ya Februari 2023 na katikati ya 2025. Majina, mtaa na alama nyingine za kuwatambulisha wahusika zimeondolewa, na wahusika wenyewe wameridhia kisa chao kitumike kufundishia. Viwango vya kodi na michango vinavyotajwa ni vile vilivyokuwa vikitumika Tanzania Bara katika kipindi hicho. Mimi niliingia kama mshauri wa hesabu wa familia Desemba 2023. Kwa hiyo yaliyotangulia nayaeleza kwa kufuata simulizi na nyaraka, na yaliyofuata nayaeleza kama mtu aliyekuwapo, pamoja na makosa mawili yaliyokuwa ya kwangu.

Usuli

Mama tunayemzungumzia alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane aliyekaribia miaka 75, aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe upande wa Uyole. Februari 2023 alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Usemi na akili vilibaki salama, na mkono wa kulia uliendelea kuandika, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito kuliko sisi wenye vyeti tulivyotarajia. Aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya wiki tatu, akiwa hawezi kusimama peke yake wala kujigeuza kitandani.

Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, nitakayemwita Kaka kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na kila mtu pale nyumbani, ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Duka linaendeshwa kwa jina lake mwenyewe bila kampuni, mauzo yake yanazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo haingii katika kundi la wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi kwa mauzo. Anaandaa hesabu kamili na kulipa kodi kwa faida. Wakati kisa kinaanza alikuwa na wafanyakazi tisa, ambao jumla ya mishahara yao ilikuwa shilingi 2,340,000 kwa mwezi. Binti wa pili ameajiriwa Dar es Salaam, na wa mwisho anaishi Uingereza.

Mhudumu aliyepatikana alikuwa binti wa miaka 29 kutoka Makete, mwenye cheti cha mwaka mmoja cha uhudumu wa afya na uzoefu wa zahanati. Alianza kazi tarehe 1 Machi 2023 kwa makubaliano ya mdomo, akilala kwenye kitanda kidogo ndani ya chumba cha mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kumwogesha Mama, kumlisha, kumpa dawa kwa saa, kupima presha asubuhi na jioni, kumnyoosha viungo, na kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku ili asipate vidonda vya kulalia. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai anajua pia kwamba shuka la mgonjwa linaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, na kufua tu kulikuwa kazi ya nusu siku.

Mfululizo wa matukio

Walikubaliana mshahara wa shilingi 350,000. Kiasi hicho kilikuwa juu sana ya kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani chini ya Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ambayo iliweka shilingi 60,000 kwa anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyeishi kwake, ukiacha wanaofanya kazi kwa mabalozi, wafanyabiashara wakubwa na viongozi wanaostahili huduma hiyo. Hakuna aliyedhulumiwa kwa nia. Fedha ndizo zilizotoka katika mifuko miwili: Kaka alitoa 200,000 kupitia duka, na mdogo wake aliyeko Uingereza alituma 150,000 kwa simu, moja kwa moja kwa mhudumu.

Ili hizo 200,000 zihesabiwe kama gharama za biashara, jina la mhudumu liliingizwa katika orodha ya mishahara ya duka kama msaidizi wa stoo. Mhasibu wa duka aliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Mfanyakazi alikatwa mchango wa 20,000 wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, duka likachangia 20,000, na kwa kuwa mshahara ulioonyeshwa haukufika 270,000, kodi ya ajira, ambayo wengi huiita PAYE, ilikuwa sifuri. Mhudumu alipokea mkononi 180,000 kutoka dukani na 150,000 kutoka ng'ambo, jumla 330,000, na kila upande ukaridhika.

Julai 2023 binti wa Dar es Salaam, alipokuja likizo na kumwona mhudumu akisinzia huku ameshika kikombe cha uji, alimtafuta muuguzi aliyeajiriwa katika hospitali moja ili aje usiku mara nane kwa mwezi kwa shilingi 20,000 kila usiku. Huyo naye alilipwa kwa simu, na hakuna mahali popote alipoandikwa.

Wiki ya mwisho ya Novemba 2023, mhudumu alipokuwa akimhamisha Mama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, breki ya kiti haikushika. Alimzuia Mama asianguke, lakini mgongo wake uliumia na daktari akaagiza apumzike wiki tatu. Hapo ndipo Kaka alipokumbuka kwamba duka linachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kwamba jina la mhudumu limo. Fomu ya taarifa ya ajali ilitaka kujua mahali ajali ilipotokea na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kaka alipendekeza iandikwe kwamba aliumia akipanga mifuko ya saruji. Mhudumu alimjibu akiwa amelala chali: "Kaka, mimi stoo sijawahi hata kuingia. Nikiulizwa mifuko inapangwaje nitasema nini?"

Fomu haikujazwa. Familia ililipia matibabu yenyewe, ikaendelea kumlipa mshahara kamili kwa wiki zote tatu, kama sheria ya ajira inavyotaka kwa siku 63 za mwanzo za ugonjwa. Wiki iliyofuata Kaka alikuja ofisini kwangu akiwa na mafaili mawili na daftari moja la shule lenye jalada la bluu.

Daftari

Inafaa kulieleza daftari hilo, kwa sababu ndilo lililogeuza mwelekeo wa kazi yetu. Mhudumu alilichora mistari kwa rula: tarehe, saa, presha, dawa, chakula, haja, na safu ya mwisho aliyoiita "kugeuza". Katika safu hiyo kulikuwa na alama ya tiki saa 4 usiku, saa 6, saa 8 na saa 10 alfajiri, usiku baada ya usiku, kuanzia Machi. Usiku wa muuguzi tiki ziliandikwa kwa kalamu nyeusi, zake mwenyewe kwa bluu. Kwake hiyo ilikuwa kumbukumbu ya mgonjwa. Kwa mtu wa hesabu, ilikuwa rejesta kamili ya saa za kazi, iliyoandikwa na mfanyakazi bila nia yoyote ya kudai, na kwa hiyo ngumu kuipinga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne zinazolipwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Mfanyakazi wa nyumbani hakuachwa nje ya masharti hayo. Daftari lilionyesha wiki zilizovuka mipaka yote hiyo.

Tulichokikuta katika hesabu

Kaka alikuja akiogopa PAYE. Nilipoipiga hesabu, ilikuwa jambo dogo kuliko yote. Malipo ya mtu wa tatu yanayotolewa kwa mpango na mwajiri ni sehemu ya mapato ya ajira, kwa hiyo zile 150,000 za Uingereza hazikuwa zawadi. Mshahara ulikuwa 350,000. Ukiondoa mchango wa mfanyakazi wa NSSF wa asilimia 10, yaani 35,000, kinabaki 315,000 cha kutozwa kodi. Kinachozidi 270,000 ni 45,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 3,600 kwa mwezi. Kwa miezi 11, hadi Januari 2024, ni 39,600.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa kidogo. Michango ya NSSF ilikuwa imelipwa kwa mshahara wa 200,000, ikaachwa 150,000 bila mchango. Asilimia 20 yake ni 30,000 kwa mwezi, jumla 330,000 kwa miezi 11. Familia ilizilipa zote kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa haikuwa haki kumkata mhudumu malimbikizo ya uzembe wa mwajiri.

Tatizo la tatu hakuna aliyekuwa ameliona. Tozo ya Maendeleo ya Ufundi Stadi, SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya Julai 2021 kizingiti kilikuwa wafanyakazi wanne. Duka lilikuwa na tisa. Mhudumu alipoingizwa akawa wa kumi, na tozo hiyo haikai juu ya mshahara wa yule wa kumi peke yake, inakaa juu ya mishahara yote. Mhasibu aliwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi za kila mwezi, zenye majina kumi huku sehemu ya SDL ikiwa sifuri, kwa sababu alikuwa akinakili ya mwezi uliopita. Kwa jumla ya mishahara ya 2,690,000, tozo ilikuwa 107,600 kwa mwezi kuanzia Machi hadi Juni 2023, wakati kiwango kilipokuwa asilimia 4, na 94,150 kuanzia Julai 2023 kiliposhuka hadi asilimia 3.5. Jumla ya miezi 11 ni shilingi 1,089,450 kabla ya riba.

Sasa linganisha na faida iliyotafutwa. Duka lilidai kama gharama 220,000 kwa mwezi, yaani mshahara pamoja na mchango wa mwajiri. Kaka yuko katika daraja la asilimia 30, hivyo alitarajia kuokoa kodi ya 66,000 kwa mwezi. Ili kuokoa 66,000 asizostahili, alijitengenezea deni la zaidi ya 94,000 kila mwezi.

Nasema asizostahili kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato hairuhusu matumizi binafsi na ya nyumbani kutolewa katika mapato ya biashara, na kumwogesha mama wa mwenye duka hakuna namna ya kukuunganisha na uuzaji wa nondo. Sheria yetu pia haina nafuu yoyote kwa kaya inayomlipa mhudumu wa mgonjwa. Hili lilimshangaza binti wa Uingereza, aliyezoea kusikia kwamba huko halmashauri zinaweza kumpa mgonjwa fedha amwajiri mhudumu wake mwenyewe. Aliniuliza kwa simu mara mbili kama nina uhakika. Nilimjibu, "Dada, hapa mshahara wa mhudumu unatoka katika fedha iliyokwisha kulipiwa kodi, basi."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu malimbikizo. Mhasibu wa duka alitaka tubishane kwamba mfanyakazi wa nyumbani hahesabiwi pamoja na wa biashara, na kwamba kumwondoa mhudumu katika orodha kungeirudisha idadi kuwa tisa tangu mwanzo. Sikukubali. Duka halikuwa kampuni. Mbele ya sheria ya kodi Kaka na duka lake ni mtu mmoja mwenye TIN moja, yaani namba moja ya mlipakodi, naye ndiye aliyemtafuta mhudumu, akampangia kazi na kumlipa. Wapo wenzangu watakaosema ningepigania, na huenda hoja ilikuwapo. Lakini mteja aliyewasilisha mwenyewe ritani zenye majina kumi hana uwanja mzuri wa kusimamia hoja hiyo. Tulisahihisha ritani kwa hiari na kulipa SDL, PAYE na riba. Kwa upande wa gharama zilizodaiwa, wakati ulituokoa: ritani ya mapato ya mwaka 2023 ilikuwa haijawasilishwa, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa Juni 2024, hivyo tuliziondoa tu kabla hazijawa kosa.

Uamuzi wa pili ulihusu nani awe mwajiri kuanzia Februari 2024, na hapa nilifanya kosa la kwanza. Rasimu ya mkataba niliyoandika ilimweka Kaka. Sikuwa nimefikiri kwamba kumhamisha mhudumu kutoka "Kaka wa dukani" kwenda "Kaka wa nyumbani" kunabaki kuwa mtu yuleyule mwenye wafanyakazi kumi. Rasimu ilipelekwa Uyole ili Mama aisikie tu. Mama hakutaka kuisikia, alitaka kuisoma. Aliomba miwani na kalamu nyekundu, akaiegemeza karatasi kwenye sinia juu ya mapaja. Kwanza alifuta "mtumishi wa ndani" akaandika "mhudumu". Akasahihisha nukta moja. Kisha akafika kwenye mstari wa mwajiri, akaukata. "Nyumba ni yangu na mgonjwa ni mimi," alisema. "Huyu ni mwanangu, mwajiri ni mimi."

Nilikaa kimya, kwa sababu jibu lililokuwa limenisumbua wiki nzima lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu mbele yangu. Mama alikuwa na akili timamu, akaunti ya benki inayopokea pensheni, na uwezo wa kuweka sahihi. Alichukua TIN, akajisajili kama mwajiri, na watoto wakawa wanamwekea yeye fedha badala ya kumlipa mhudumu kila mmoja kwa njia yake. Fedha ambayo mtoto anampa mzazi ya matunzo si mshahara wa mtu. Mshahara sasa ulitoka katika akaunti moja, ya mwajiri mmoja, tarehe moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kiasi cha mshahara. Mhudumu alipoambiwa atasajiliwa upya kwa 350,000 alipiga hesabu haraka kuliko sisi: NSSF 35,000, kodi 3,600, mkononi 311,400. "Kaka, nilikuwa napata 330,000. Sasa huo usajili unanisaidia nini mimi?" Swali lilikuwa la haki. Familia ikakubali mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa 375,000: mchango wake 37,500, kodi 5,400, mkononi 332,100. Kwa Mama gharama ilikuwa mshahara huo, mchango wa mwajiri wa 37,500 na WCF ya asilimia 0.5, yaani 1,875, jumla 414,375. Kodi ya kila mwezi ilitakiwa kufika ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na Kaka alijipa kazi hiyo kwa niaba ya mama yake.

Suala la malazi tulilijadili kwa sababu nyumba anayopewa mfanyakazi inaweza kuwa mapato ya kutozwa kodi, kwa kuchukua kilicho kidogo kati ya kodi ya pango ya soko na asilimia 15 ya mapato yake, pale ambapo mwajiri hadai gharama za nyumba hiyo. Kwa kuwa mhudumu alilala katika chumba cha mgonjwa ili aamke kumgeuza, niliona hakuna makazi ya kuthaminiwa. Angepewa chumba cha uani chenye mlango wake, ningelihesabu. Chakula hakikutusumbua, wote walikula chungu kimoja, na sheria haimlazimishi mwajiri kupima maharage.

Muuguzi alihitaji uamuzi wake. Zamu nane za saa kumi ni saa 80 kwa mwezi, na kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamdhania kuwa mfanyakazi mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Kwa kuwa ajira yake kuu ilikuwa hospitalini, malipo ya ajira ya pili yangekatwa kodi kwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza: 48,000 katika 160,000. Alipoelezwa hivyo alicheka, akasema afadhali alale. Zamu zake zilisitishwa. Akaanza kuja mara moja kila wiki mbili, kwa vifaa vyake na kwa wakati anaoupanga yeye, kubadilisha mpira wa mkojo na kukagua ngozi ya mgongo, akitoza 40,000 kwa kila ziara kama anavyowatoza wagonjwa wake wengine. Huyo sasa alikuwa anatoa huduma kwa uhuru. Mtu binafsi asiyelipa kwa ajili ya biashara hakati kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo ya huduma; wajibu wa kutangaza mapato hayo ulibaki kwa muuguzi mwenyewe, nasi tulimwambia hivyo waziwazi. Nafasi ya usiku ilichukuliwa kwa zamu tatu za wiki na mama mmoja jirani kwa 150,000, aliyesajiliwa NSSF naye, na usiku mwingine na mjukuu.

Matokeo

Mfumo ulifanya kazi miezi 15. Kila mwezi mhudumu alipokea karatasi yenye mshahara ghafi, makato na kilichobaki, iliyotiwa sahihi na Mama mwenyewe. Miezi miwili ya mwisho sahihi ilikuwa imeanza kuteleza.

Malimbikizo ya saa za ziada yalikubaliwa kuwa shilingi 800,000, na hapa pana kosa langu la pili. Nilishauri yalipwe haraka, kwa awamu mbili za 400,000, Machi na Aprili 2024. Mapato ya kila mmoja wa miezi hiyo yakawa 775,000, akapanda hadi daraja la asilimia 20, na kodi ikawa 55,500 badala ya 5,400. Tungeyagawa kwa miezi minane, 100,000 kila mwezi, angebaki katika daraja la asilimia 8, na kodi yake ingepungua kwa 42,600 kwa jumla. Mhudumu alileta karatasi zake mbili ofisini akaziweka mezani bila kusema neno. Tofauti hiyo nilipendekeza nimlipe mimi. Familia ilikataa, ikamlipa yenyewe.

Mama alifariki Mei 2025, bila kidonda hata kimoja cha kulalia.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kumpata mwajiri mmoja. Kabla ya hapo kila aliyetoa fedha alijiona mchangiaji, kama anayechangia harusi, na hakuna aliyejiona anadaiwa saa za kazi, michango au kodi. Duka liliajiri karatasi, Uingereza ilituma fedha, Dar es Salaam ikatafuta usingizi wa mhudumu, na kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika Uyole kwa mtu ambaye hakuulizwa. Udanganyifu wa stoo haukuanza na tamaa kubwa. Ulianza na swali la mhasibu, "Tuiandike wapi hii?", likajibiwa na mtu aliyekuwa na orodha moja tu ya mishahara mkononi.

Jambo la pili lililofaa ni kifungu katika mkataba kilichotambua utumishi tangu tarehe 1 Machi 2023. Bila kifungu hicho mhudumu angehesabiwa mwaka mmoja uliokamilika. Kwa kifungu hicho alihesabiwa miwili, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka kikafika kama shilingi 202,000.

Kilichoshindikana ni kwamba mkataba haukusema nini kitatokea mwajiri akifariki. Tulikuwa tumemweka mgonjwa wa kiharusi wa miaka 75 kuwa mwajiri, jambo lililokuwa sahihi kwa kodi, tukasahau lililo dhahiri. Akaunti ya Mama ilisimama siku benki ilipopata taarifa, na mshahara wa Mei wa mhudumu ulikuwa ndani yake. Watoto walimlipa mshahara huo, siku 28 za notisi na kiinua mgongo kutoka katika fedha walizochanga wenyewe, bila kubishana kama kifo cha mwajiri ni kuachishwa kazi au la. Malipo hayo nayo ni mapato ya ajira, kwa hiyo PAYE ya mwisho ilibidi ikatwe na kulipwa kwa TIN ya marehemu. Tangu wakati huo, katika kila mkataba wa aina hii ninaouandika kunakuwa na aya inayomtaja mtu atakayelipa haki za mhudumu mwajiri akifariki, na fedha za miezi miwili zinazokaa nje ya akaunti ya mgonjwa.

Kuhusu jeraha la mgongo, sina njia ya kulipamba. Mhudumu alichangiwa katika mfuko wa fidia miezi tisa, na siku alipouhitaji haukumfaa, kwa sababu karatasi zilisema yuko Mwanjelwa akipanga saruji. Mpaka leo akiinama kwa muda mrefu mgongo humuuma.

Usajili wa Mama kama mwajiri bado haujafungwa. Anayeweza kuufunga ni msimamizi wa mirathi, na kikao cha ukoo kilimpendekeza binti wa Dar es Salaam. Shauri la kumthibitisha lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Daftari la bluu limo katika faili la mirathi, kwa sababu mhudumu aliandika humo, chini ya tiki ya mwisho, saa ya kifo.